Berlin kwa siku moja na yuro 40

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Umeniuliza kama inafaa kushuka Berlin Jumatano, peke yako, na yuro 40 mfukoni, huku basi lako la kuendelea likiondoka usiku. Inafaa sana, mradi usitake kuuona mji wote. Ni mpana mno, na anayekwenda huku na huko hushinda ndani ya treni. Anzia magharibi, uishie mashariki.

Basi litakushusha ZOB, kituo kikuu cha mabasi. Tembea hadi kituo cha Kaiserdamm ukanunue tiketi ya saa 24, ukanda wa AB. Mwaka 2025 ilikuwa yuro 10.60, na ya safari moja 3.80, kwa hiyo ukipanda mara tatu tu ile ya saa 24 imeshakuwa nafuu. Ukanda C ni wa uwanja wa ndege na Potsdam, usiulipie. Sasa hapa ndipo wageni wengi wanapoumia: vituo havina mageti, na tiketi ya karatasi haina nguvu mpaka uigonge muhuri kwenye kijisanduku kilichopo jukwaani, kabla ya kupanda. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida na hujitambulisha mlango ukishafungwa. Faini ni yuro 60, na kusema hukujua hakusaidii. Tiketi ya simu haihitaji muhuri, ila simu ikizima huna tiketi. Kwa siku ndefu kama hiyo, chukua ya karatasi.

Panda U2, treni ya chini ya ardhi, hadi kituo cha Zoologischer Garten, kisha basi namba 100. Ni basi la kawaida la mji, kwa tiketi hiyohiyo, lakini linapita mnara wa Siegessäule na ikulu ya Bellevue hadi kwenye Bunge. Likija la ghorofa, kaa juu, mbele kabisa. Kupanda kwenye kuba la Bunge ni bure, ila jiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bundestag, yaani Bunge hilo, na jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Pasipoti yenyewe uwe nayo mkononi.

Kutoka hapo ni miguu. Lango la Brandenburg ni la kupiga picha na kupita. Kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, yenye nguzo zaidi ya 2,700, ingia katikati. Ardhi inateremka taratibu mpaka nguzo zinakupita kimo, na ukiwa nje huwezi kulijua hilo. Halafu nenda Wilhelmstraße 92, mahali ambapo wengi hupita bila kusimama. Hapo Novemba 1884 hadi Februari 1885 ulifanyika mkutano wa mataifa, mengi ya Ulaya, kuhusu Afrika. Nyumba haipo tena, lipo bango tu. Lisome lote.

Rudi hadi barabara ya Unter den Linden, panda treni ya U6 hadi Naturkundemuseum, penye makumbusho ya viumbe na mazingira asilia. Makumbusho hayo ndiyo ya kulipia, na ukionyesha kitambulisho cha mwanafunzi unapunguziwa. Hufungwa Jumatatu, siku nyingine hufunga saa 12 jioni. Ukumbini utamkuta mjusi mkubwa wa kale, yaani dinosaria, wa Tendaguru, Lindi, mwenye kimo cha mita 13.27. Alichimbwa kati ya 1909 na 1913, na mifupa ilibebwa na wapagazi wetu kwa siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Mtazame kwa karibu: miguu ni mifupa halisi, lakini pingili za shingo ni za kuigiza, kwa kuwa zile halisi ni dhaifu mno kutundikwa. Fundi mkuu kule machimboni alikuwa Boheti bin Amrani, na kuna mjusi mwingine wa Tendaguru aliyepewa jina lake, *Australodocus bohetii*. Mpe yule wa ukumbini muda wa saa mbili. Tumia choo cha humo pia, maana cha barabarani mara nyingi ni senti 50.

Chakula kisikusumbue. Mikate ya asubuhi inunue duka la mikate, mchana kula döner, mkate wenye nyama ya kukata, na kama unataka halali, muulize muuzaji kabla hajakata nyama. Maji ya bomba ni salama, jaza chupa yako. Ukinunua ya plastiki, senti 25 ni dhamana: rudisha chupa kwenye mashine ya supamaketi, upeleke risiti kwa keshia.

Nje ya makumbusho panda tramu M8 hadi Rosenthaler Platz, kisha ufuate barabara ya Brunnenstraße hadi namba 193. Inamisha macho kwenye lami, utaona kibamba cha shaba cha sentimita 10 kwa 10 chenye jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyefundisha Kiswahili mjini humo na kufia kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen 1944. Huwezi kukiona ukitembea haraka.

Ukiwa bado na nguvu, kituo kimoja cha U8 kinakufikisha Bernauer Straße, kwenye mabaki ya Ukuta wa Berlin. Eneo la nje ni bure. Kurudi, U8 hadi Alexanderplatz, kisha U2 moja kwa moja hadi Kaiserdamm. Ondoka saa moja na nusu kabla ya basi lako, maana njia za treni huko hufungwa kwa matengenezo bila kukuuliza. Ukishakaa kitini, nitumie ujumbe, hata kama ni usiku wa manane.

Mama yako