Nusu siku Oslo na mama mzazi: nenda Vigeland, ila usianzie kwenye mnara

Dada, umesema mna nusu siku tu Oslo, Norway, uko na mama yako, na hujui kama bustani ya sanamu ya Vigeland ni ya kwenda naye. Mchangiaji mmoja hapo juu kakujibu kwamba ni watu uchi tu, picha mbili zinatosha. Mimi nakwambia nenda, na mpe mama muda wa kukaa.

Kuingia ni bure, saa zote, mwaka mzima. Pandeni tramu namba 12, mshuke kituo cha Vigelandsparken, mbele ya geti kuu. Wengi wakishaingia hukimbilia ule mnara wa jiwe juu kilimani, wanapiga picha, wanaondoka. Mnaweza kwenda taratibu, maana toka getini hadi mwisho ni kama mita 850 tu.

Sanamu zote, zaidi ya 200, ni za mtu mmoja, Gustav Vigeland. Mwaka 1921 alikubaliana na mji wa Oslo kwamba wamjengee karakana na makazi, naye kazi zake ziwe mali ya mji. Alifariki mwaka 1943. Ndiyo maana ukitembea unahisi unamfuata mtu mmoja akiwaza jambo lile lile maisha yake yote: kuzaliwa, kulea, kugombana, kuzeeka.

Kwenye daraja la humo bustanini kuna sanamu 58 za shaba. Yule mtoto aliyekasirika, mguu mmoja juu, ngumi zimekunjwa, mdomo wazi, utamjua kwa watu waliomzunguka. Mkono wake wa kushoto unang'aa kama dhahabu kwa kushikwashikwa, wakati mwili wote umefifia. Msiishie kwake. Pale pale kuna baba na watoto, na wapenzi wanaovutana, ambao hakuna anayewapangia foleni.

Kuhusu uchi, nilikwenda na shangazi yangu, mtu wa heshima zake, na pale darajani alikuwa akitazama mtoni. Tulipopanda ngazi kwenye makundi 36 ya sanamu za graniti, lile jiwe gumu, yanayouzunguka mnara, mambo yalibadilika. Kuna mama amepiga magoti na viganja chini, watoto wawili wamempanda mgongoni, na msuko wa nywele zake umepitishwa mdomoni wawe na hatamu. Shangazi alisimama hapo muda mrefu, akazunguka nyuma kuutazama mgongo wa yule mama, kisha akaanza kunisimulia alivyowalea wanawe, habari ambazo sikuwahi kuzisikia. Kwa maoni yangu nguo zingeharibu: ungeanza kuuliza huyu ni wa karne gani, ana uwezo au hana.

Mnara wenyewe ni jiwe moja lenye watu 121 waliobebana na kukumbatiana, zaidi ya mita 14 kwenda juu. Vigeland aliufinyanga kwa udongo, kisha mafundi watatu wakachonga graniti kwa miaka kama 14, kuanzia 1929. Simameni karibu kabisa muangalie mikono: nani anamshika nani, nani anateleza. Kwa mbali hayo yote hayaonekani.

Ngazi za kule juu ni nyingi kiasi kwa mtu mwenye magoti mabovu, na majira ya baridi barafu huteleza sana, kwa hiyo mama avae viatu vyenye kushika. Nyuma ya mnara, mwisho wa njia, kuna pete ya watu wazima na watoto walioshikana.

Ile karakana ya zamani sasa ni makumbusho, hapo jirani, ila unalipia. Kuna mifano ya plasta ya sanamu hizo, na mimi niliipenda. Lakini muda ukiwabana, iacheni hiyo, msiache graniti.