Mpasuko kwenye paa la turubai la gari: kiraka kinatosha?
Mpasuko wa sentimita 5 karibu na bawaba haudai turubai jipya, ikiwa kitambaa kinachouzunguka bado ni imara. Ila kagua kwanza lastiki za ndani zinazovuta kitambaa paa linapokunjwa. Zikilegea, kitambaa hubanwa na vyuma, na kiraka chako kitakatika palepale. Wengi hulisahau hili.

Kata kiraka cha turubai la aina hiyohiyo, kizidi mpasuko kwa sentimita 3 kila upande, pembe ziwe za mviringo zisibanduke. Paa likiwa limefungwa, safisha upande wa ndani kwa spiriti, paka gundi ya mpira kwenye kiraka na kwenye kitambaa cha paa, subiri isinate kidoleni, kisha kandamiza. Usilikunje kwa saa 24. Mishono iliyofumuka ishone kwa uzi wa poliesta. Wa pamba huoza.