Muulize Anti: Ile Emaili ya Shule ya Kila Ijumaa

Wiki hii barua zenu zimeangukia sehemu moja, shule za watoto wetu hapa Marekani. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana najua kuna nyumba nyingi zina hali hiyo hiyo, ila hakuna anayesema.

SWALI: Anti shikamoo. Nina watoto wawili, mkubwa yuko gredi ya 7. Kila Ijumaa wilaya ya shule inatuma emaili ya habari za wiki, ndefu, yote Kiingereza, na Kiingereza changu mimi ni cha kazini tu, kwahiyo namwambia mwanangu anisomee. Ananiambia mama hamna kitu, ni mambo ya mpira na chakula, basi naifuta. Sasa tangu Januari kila asubuhi analalamika tumbo. Nimempeleka kwa daktari hajaona ugonjwa, siku zingine namwacha abaki nyumbani. Juzi nimepata barua ya posta inasema amekosa shule siku 14 na natakiwa kwenye kikao. Anti, mimi nilikuwa napiga simu shuleni kila akiumwa! Hawa watu wanataka kuninyang'anya mtoto? Silali. — Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hicho ni kikao cha mahudhurio, wanataka kujua mtoto ana shida gani na wafanye nini arudi darasani, sio cha kukunyang'anya mtoto. Ila usiache kwenda hata kama una zamu kazini, omba ruhusa, maana asiyetokea ndo faili lake huwa linasogezwa mbele.

Hesabu yao iko hivi. Majimbo mengi mwaka wa shule ni kama siku 180, na mtoto akikosa asilimia 10, yaani siku 18, anahesabika ni mkosaji sugu. Hapa ndo wengi wetu tunapotelea: zinahesabiwa siku zote, hata ulizopiga simu, hata zenye cheti cha daktari. Simu yako inafanya siku hiyo iwe na ruhusa, haifanyi isihesabiwe. Siku 2 tu kila mwezi na mwaka ukiisha umefika huko, na wewe hukuona kitu maana siku 2 kwa mwezi nani anaziona.

Sasa tuje kwenye tumbo. Hebu niambie, Jumamosi linauma? Wakati wa likizo liliuma? Kama linaanza Jumapili jioni, linauma asubuhi za shule na ikifika saa 4 akiwa nyumbani anakula chipsi vizuri tu, basi mwanangu hilo tumbo linabeba kitu. Na sio kwamba anadanganya, linauma kweli, wasiwasi wa mtoto mara nyingi unatokea tumboni au kichwani kabla haujatokea mdomoni, hata madaktari wa watoto wanalijua hilo.

Nakwambia kwa sababu yamenikuta. Mwanangu wa pili akiwa na miaka 12, asubuhi moja saa 12 na nusu nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine amekishika mkononi, anaangalia zulia. Nikamwambia vaa, basi linakuja. Kimya. Nikapaza sauti, akavaa, akaenda. Asubuhi kama hizo zilikuwa nyingi na mimi nikaziita uvivu. Baadae ndo nikajua kuna wavulana kwenye basi la shule walikuwa wanamvua kofia, wanairusha nyuma, wanamuigiza anavyoongea, kila siku ya Mungu. Na kilichoniuma zaidi, nilivyorudi kwenye emaili za zile wiki nikakuta shule ilikuwa imeandika mara tatu namna ya kuripoti uonevu kwenye mabasi, hadi namba ya kupiga waliweka. Nilikuwa nazifuta kama wewe.

Kwahiyo hiyo emaili, mwanangu, jifunze umbo lake. Juu kabisa wanaweka picha za watoto na vikombe, ndo hizo habari za mpira, na mkuu wa wilaya anasalimia. Afu menyu. Watu wengi wanaishia hapo. Shuka chini. Chini ndo kuna siku za watoto kutoka mapema, jina la kaunsela wa kila shule, namba ya kuripoti uonevu bila kujitaja, mkutano wa bodi ya shule na tarehe yake, chanjo, fomu zenye siku ya mwisho. Wiki ambayo kuna jambo zito limetokea, mwanafunzi amefariki kwa mfano, wanaweka pia chumba gani watoto wanaweza kwenda kukaa na mtu wa kuongea nae.

Na mwanao asikutafsirie tena. Nasema hivi kwa upendo, wala simuiti muongo. Lakini kama habari inamhusu yeye, umemfanya mshtakiwa awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe, na mtoto yoyote wa miaka 12 ataruka mstari unaomletea shida. Hata asiporuka, unamtwisha mambo ya watu wazima. Kwenye kikao hicho ndo usikubali kabisa, kabla ya siku yenyewe piga simu ofisini, sema lugha yako ni Swahili, omba mkalimani, na usilipe hata senti. Hiyo sio hisani. Shule inayopokea hela ya serikali kuu hairuhusiwi kumbagua mtu kwa asili yake, hiyo ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na mwaka 1974 Mahakama Kuu iliwapa haki wanafunzi wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wanakaa darasani bila kuelewa lugha. Tunatembea juu ya njia waliyoichimba wale watoto.

Jambo lingine ambalo sisi wenyewe tunajifungia mlango: ile fomu ya kuandikisha mtoto iliyouliza nyumbani mnaongea lugha gani. Wengi tuliandika Kiingereza tukiogopa mtoto atapelekwa madarasa ya kujifunza lugha. Nawaelewa kabisa. Lakini kompyuta ya shule ikishaandika Kiingereza, kila kitu kitakuja Kiingereza hadi amalize. Waulize kama wanaweza kubadilisha lugha ya mawasiliano ya mzazi peke yake, fomu nyingi zina swali lake la pembeni. Na emaili nyingi zina kitufe cha kuchagua lugha, kiko juu au chini kabisa kwa maandishi madogo, kibonyeze, ila tafsiri ya mashine isome kwa uangalifu. Nilishaona watoto kutoka mapema ikatafsiriwa "kuachiliwa mapema", mzazi akadhani mtoto wake ameshikwa.

Kwenye kikao sema ukweli wote, tumbo, asubuhi, daktari hakuona kitu. Omba kuonana na kaunsela, na usisubiri akutafute. Chama cha makaunsela wa shule hapa kinapendekeza kaunsela mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi wanafunzi wanazidi hapo, kwahiyo mtoto mkimya anayejificha nyumbani na kuumwa tumbo anapita bila kuonekana, anaonekana anayevunja viti. Wasiwasi ukiwa mkubwa hadi unamzuia kusoma, omba kwa maandishi apimwe mahitaji yake, weka tarehe, baki na kopi. Kuna kifungu cha 504 cha sheria ya 1973 ya kutobagua watu wenye ulemavu, nacho kinamlinda, anaweza kupewa ruhusa ya kutoka darasani dakika chache, au kukaa mbele kwenye basi, vitu vidogo hivyo vinaokoa mtoto. (Na usingizi pia, wa umri wake anahitaji saa 9 hadi 12, simu ilale jikoni.)

Leo usiku usimuulize kwanini hataki shule. Muulize anakaa na nani kwenye basi, na mchana anakula na nani. Afu nyamaza, umsikilize.

SWALI: Anti, tulishindwa kodi, tumehamia kwa shemeji yangu mji mwingine, tunalala sebuleni sisi wanne. Shule ya zamani ofisini waliniambia watoto wahamishwe kwa sababu hatukai tena kwenye wilaya yao. Wa mwisho analia, mwalimu wake ndo mtu pekee aliyemzoea. Naona aibu hata kuandika. — Tumebanana

JIBU: Aibu iweke chini mdogo wangu, kodi imewashinda watu wengi mno. Nisikilize vizuri: kuna sheria inaitwa McKinney-Vento, ya mwaka 1987, na kwa sheria hiyo familia iliyopoteza nyumba ikaenda kubanana kwa ndugu inahesabika haina makazi, hata kama mnalala ndani na mnapika. Watoto wana haki ya kubaki kwenye shule yao ya zamani kama ndo bora kwao, na usafiri wa kuwafikisha huko. Na mkiamua shule ya huko mlipohamia, inatakiwa iwapokee hapo hapo hata kama vyeti vya zamani au chanjo havijafika.

Inawezekana aliyekujibu pale dirishani hakujua mmehama kwa sababu gani, maana ukisema "tumehama" tu anajibu jibu la watu waliohama. Rudi, useme tumepoteza nyumba, tunakaa kwa ndugu, nataka kuonana na mtu wa wilaya anayeshughulikia wanafunzi wasio na makazi. Kila wilaya inatakiwa kuwa na mtu huyo, ni sheria. Jina lake mara nyingi liko chini kabisa ya ile emaili ya wiki, narudi hapo hapo. Wakikataa, omba wakuandikie kwa maandishi na uwaambie unakata rufaa, na wakati rufaa inaendelea mtoto anabaki darasani kwake. Huyo huyo atakusaidia chakula cha shule cha bure, watoto wa hali yenu wanapata bila kujaza makaratasi mengi. Na kama kuna anayekutisha kuhusu karatasi za uhamiaji, Mahakama Kuu ilishaamua mwaka 1982 kwamba shule ya umma haiwezi kumkatalia mtoto kwa sababu hizo.

Nenda kesho asubuhi.

SWALI: Shikamoo Anti. Binti yangu ana miaka 15, kila wiki anaonana na kaunsela shuleni. Nikimuuliza wanaongea nini ananyamaza, na kaunsela nae hasemi. Mimi ni baba yake! Kwetu mambo ya ndani hayatoki nje. Na nasikia wakisikia kitu kidogo wanaita serikali. Nimkataze? — Baba Mwenye Mawazo

JIBU: Marahaba baba. Usimkataze, nakuomba. Kinachokuuma nakisikia, unaona kama mgeni amepewa kiti chako. Lakini kaunsela kunyamaza ndo kunamfanya binti aendelee kuongea, angekuwa anakuletea kila neno, binti angeacha kwenda, na yale mazito yangebaki kifuani kwake peke yake usiku.

Sasa mpaka wa hiyo siri. Kaunsela akiona binti anataka kujidhuru, au kumdhuru mtu, au kuna mtu anamuumiza, hatanyamaza. Na majimbo yote yana sheria inayowabana wafanyakazi wa shule kuripoti wakishuku mtoto anaumizwa. Nitakuwa mkweli kwako kama kaka yangu: ukimchapa mkanda akabaki na alama, wataripoti. Lakini baba kuwa mkali kuhusu kurudi nyumbani mapema, kumnyima simu, kumwambia asali, hivyo sio vitu vya kuitiwa serikali.

Rekodi zake za shule una haki kuziona hadi afike miaka 18, ukiomba wana siku zisizozidi 45 kukuonyesha, ni sheria ya 1974. Yale maandishi ya kaunsela mwenyewe ya kukumbukia hayamo humo. Kwahiyo usiende kuuliza "kasema nini", uliza "mimi baba yake nyumbani nifanye nini, nipunguze nini". Swali hilo kaunsela anaweza kulijibu bila kuvunja siri, na wengi wao wanatamani sana baba aje aulize hivyo kwa sababu wanaokuja ni akina mama.

Ukiona ameacha vitu alivyokuwa anavipenda, anagawa vitu vyake, anasema mngekuwa sawa bila mimi, muulize wazi wazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpandikizi wazo, kunamfungulia mlango. Na piga 988, ni namba ya msaada kwa mtu anayefikiria kujiua, ilianza Julai 2022, bure, usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani.

Kikao cha wazazi na walimu kikitangazwa, na kitatangazwa kwenye emaili ya wiki, safari hii nenda wewe. Omba kwa kaunsela dakika 10. Ila binti mwambie mapema kwamba unaenda, na umwambie utauliza nini, asije akasikia kwa mtu mwingine.