D2-40 imeshika kila mahali: je, yote ni mishipa ya limfu?

Swali: Shikamoo daktari. Nafanya kazi kwenye maabara ya patholojia. Tumeanza kutumia kingamwili ya D2-40, inayopaka rangi ya kahawia pale inaposhika, kwenye vipande vya saratani ya matiti, tuone kama seli za saratani zimeingia kwenye mishipa ya limfu. Kwenye slaidi moja naona mduara wa kahawia karibu kila kishada cha seli. Yote hiyo ni limfu? Na kuna alama moja isiyodanganya?

Jibu: Marahaba. La mwisho nalijibu kwanza: haipo.

D2-40 hushika podoplanini, protini ya utando wa seli zilizotanda ndani ya mshipa wa limfu. Mishipa ya kawaida ya damu haina protini hiyo, ndiyo maana tunaipenda. Ila ipo pia kwenye podositi (seli za kichujio cha figo), kwenye seli bapa za vifuko vya hewa vya mapafu, kwenye mesothelia (seli za utando unaofunika mapafu na viungo vya tumbo) na, kwa upande wako, kwenye seli za mayoepithelia zinazozunguka mirija ya maziwa. Nashuku hizo ndizo unazoziona. Saratani ambayo bado imo ndani ya mrija wa maziwa huwa na pete ya mayoepithelia, na D2-40 huweza kuipaka. Ukiripoti kuwa imeingia kwenye limfu, umembebesha mgonjwa hatari ambayo hana, na huenda akaongezewa matibabu bure.

Rudi kwenye hadubini, lenzi ya 40, uutazame mstari wenyewe. Wa limfu ni mwembamba, umekolea, haukatiki, na viini vyake ni bapa. Wa mayoepithelia mara nyingi umepauka, mnene kidogo, wa punjepunje, una mapengo. Kama bado unasita, kata vipande viwili vinavyofuata kutoka bloku hiyo hiyo. Kimoja upake kingamwili ya p63, kingine ya CD31. Viini vya mayoepithelia hushika p63, vya endothelia ya limfu (seli zilizotanda ndani ya mshipa) havishiki. CD31 hushika endothelia yote, ya damu na ya limfu, lakini haishiki mayoepithelia. Kwa hiyo D2-40 chanya na CD31 chanya huku p63 ikiwa hasi ni mshipa wa limfu. CD31 ikiwa hasi na p63 chanya, huo ni mrija wa maziwa. Na ukiona nafasi tupu inayofuata umbo la kishada bila ukuta wowote uliopakwa, tishu imesinyaa tu kwenye formalini.

CD34, alama nyingine ya endothelia, usiitegemee hapa. Tishu unganishi ya titi la kawaida nayo huishika, utabaki kubahatisha.

Kati ya alama nyingine za limfu, PROX1 naipenda zaidi kwa sababu hukaa ndani ya kiini, haichanganyiki na mistari ya utando. Ndiyo inayoipa seli utambulisho wa limfu: mwaka 1999 Wigle na Oliver walionyesha kuwa panya wasio na jeni hiyo hawaundi mishipa ya limfu. Hata hivyo seli za ini na za moyo zinayo. LYVE-1, kipokezi cha hyaluronani, iko pia kwenye sinusoidi za ini (mishipa yake midogo ya damu) na baadhi ya makrofaji (seli za kinga), na hufifia kwenye mishipa mikubwa inayokusanya limfu. VEGFR-3, alama nyingine ya limfu, huweza kujitokeza kwenye mishipa ya damu ya uvimbe wa saratani, kwa hiyo kwa swali lako haifai.

Mkipokea vipande vya ngozi, kumbukeni saratani ya Kaposi, ambayo kwetu si ngeni. Seli zake hubeba D2-40, LYVE-1 na PROX1 kama za limfu. Kinachoamua ni LANA-1, protini ya kirusi cha HHV-8 kinachosababisha Kaposi.

Kabla ya yote hayo, tafuta kwenye slaidi hiyo hiyo ateri yenye chembe nyekundu ndani. Endothelia yake ikiwa nayo imeshika kahawia, shida iko kwenye uchanganyaji wa kingamwili au uoshaji. Rudia upakaji kwanza.