Jibu: Antena nyuma ya nyumba na kichwa kuuma

Pole dada. Unauliza kama antena ya simu nyuma ya nyumba yenu, mtaani Himbi hapa Goma, ndiyo inakuumiza kichwa na kukunyima usingizi. Mawimbi yake yakikufikia huwa dhaifu; simu unayobandika sikioni hukupa mengi zaidi. OMS (Shirika la Afya Duniani) ilisema mwaka 2005: maumivu ni ya kweli, ila hakuna msingi wa kisayansi wa kuyafunga na mawimbi.

Mimi nashuku ile jenereta uliyoitaja. Inanguruma usiku kucha, na moshi wake una monoksidi ya kaboni, hiyo inaumiza kichwa kweli, hata kuua. Je, ukitoka nje unapata nafuu? Basi hamia chumba kilicho mbali na jenereta leo. Kama mko bondeni, usisahau mazuku, ile gesi nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni (hii ni Goma!). Na upimwe presha.