Uliza Ujibiwe: Hodi Kabla ya Kula, Deni Kabla ya Toba

Makala yangu ya toleo lililopita kuhusu sheria ya Kiyahudi imeniletea barua nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua chache. Nakumbusha tu kwamba mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la dini, si rabi. Ninayoyaandika nimeyasoma, na mengine niliyaona nilipokuwa mpangaji wa bibi mmoja wa Kiyahudi huko Jerusalem, mtaa wa Nachlaot, jirani na soko la Mahane Yehuda. Mwenye kutaka hukumu ya kufuata amwendee rabi wake.

Shikamoo Mwalimu. Uliandika kwamba Myahudi mshika sheria hutamka baraka mia moja kila siku. Huo muda wa kufanya kazi anaupata wapi? Na neno likirudiwa mara mia, si linakuwa la kasuku? – Msomaji mwenye haraka

Marahaba. Hesabu hiyo imo katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi wa kale, sehemu iitwayo Menachot, kwa jina la Rabi Meir aliyeishi karne ya 2. Kuhusu muda usihofu, kwa sababu nyingi zimo ndani ya sala zenyewe. Sala ya kusimama, Amida, ina baraka 19 siku za kazi, nayo husaliwa mara tatu. Hapo tayari una 57. Asubuhi kuna mfululizo mwingine: ya kufumbuliwa macho, ya kuvikwa nguo, ya ardhi kutandazwa juu ya maji. Ukila mkate kuna ya kunawa mikono, ya mkate wenyewe, na nne za baada ya mlo. Ikifika jioni, asiyezembea amekwisha kuzifikisha. Taabu huja siku ya Sabato, maana Amida ya siku hiyo ina baraka saba tu. Talmudi hiyohiyo inasimulia juu ya mwalimu mmoja aliyefidia pengo hilo kwa kunusa viungo na kula vitu vitamu, kila kimoja kwa baraka yake. Siku ya Upatanisho, ambayo ni ya kufunga, hata vitamu havipo, hubaki kunusa.

Sasa kasuku. Wazee wa Talmudi walikutana na aya mbili zinazopingana. Zaburi ya 24 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Zaburi ya 115 inasema nchi amewapa wanadamu. Rabi Levi akazipatanisha: ile ya kwanza ni kabla ya baraka, hii ya pili ni baada ya baraka. Wakaongeza kwamba anayeonja cha dunia hii bila baraka ni kama aliyejichukulia mali ya hekaluni. Kwa hiyo baraka ya chakula si shukrani peke yake. Ni hodi. Unasimama mlangoni pa kitu ambacho bado si chako, unabisha, halafu unaingia.

Bibi mwenye nyumba wangu alinifundisha hilo bila kukusudia. Angeweza kuwa katikati ya kunigombeza kwa kuacha taa ikiwaka, akainua glasi ya maji, akanyamaza, akatamka "Umebarikiwa Wewe, Bwana, Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, ambaye vyote vimekuwa kwa neno lake", akanywa, kisha akaendelea kunigombeza palepale alipoachia. Kati ya baraka na funda la kwanza hakuna kusema neno, ndiyo sheria. Je, moyo wake ulikuwamo kila mara? Sidhani, na sheria inaijua hatari hiyo: inakataza kutamka baraka huku mikono ikiendelea na kazi. Lakini mtu anayesimama mara nyingi hivyo kwa siku, hata kama nusu yake ni kwa mazoea, tayari ana tabia ya kusimama kabla ya kuchukua. Mimi naona hiyo si haba.

Mwalimu, naomba unisaidie kumaliza ubishi. Kwa sheria hiyo, ndizi ni tunda la mti au la ardhi? – Mbishi wa kijiweni

La ardhi. Shulchan Aruch, kitabu cha sheria cha Rabi Yosef Karo wa Safed, kilichochapishwa Venice mwaka 1565, kinaitaja ndizi waziwazi. Kwa sheria hii mti ni ule ambao shina lake hubaki na kuzaa tena mwaka ujao. Mgomba huzaa mkungu mmoja ukaisha, na chipukizi hutoka chini. Basi ndizi husomewa "uumbaye tunda la ardhi".

Aliyekosea je? Akisema "tunda la ardhi" juu ya tunda la mti, imepita, kwa kuwa mti nao umeota ardhini. Akigeuza, haijapita. Na ile ya "vyote vimekuwa kwa neno lake" huokoa kwenye chakula chochote, ingawa si vizuri kuikimbilia kwa uvivu wa kujifunza. Mwenye shaka kama ameshatamka au la, asirudie, kwa kuchelea kulitaja bure jina la Mungu. Ila aliyeshiba mkate na hakumbuki kama ameshukuru, huyo hurudia, kwa sababu shukrani ya kushiba imeagizwa na Torati yenyewe, Kumbukumbu la Torati 8:10. Nyingine za chakula waliziweka wazee baadaye.

Ni kweli kuna baraka ya kutoka chooni, au ni utani? – Asiyeamini

Si utani. Ipo katika Talmudi, kwa jina la Abaye, mmoja wa wazee wake. Hutamkwa nje, baada ya kunawa mikono. Humsifu Mungu aliyemuumba mtu kwa hekima, akamtia matundu na mianya, na husema wazi kwamba kimoja kikifunguka au kikiziba isivyo, mtu hawezi kusimama. Aliyewahi kulazwa kwa mawe ya figo hataicheka.

Kwa nini Wayahudi watenge mwezi mzima kwa ajili ya toba? Toba ya kweli si ya papo hapo? – Dada wa kwaya

Dada, hata wao wanasema mlango wa toba hauna msimu. Baraka ya tano ya ile Amida humwomba Mungu awarudishe kwake kwa toba kamili, na ya sita huomba msamaha. Hizo husaliwa mara tatu kila siku ya kazi, mwaka mzima. Lakini mtu akiambiwa "wakati wowote", mara nyingi husikia "baadaye". Ndiyo maana ukapatikana mwezi wa Eluli, wa mwisho kabla ya Mwaka Mpya wao, Rosh Hashana. Kuanzia sikukuu ya mwandamo wake hadi Siku ya Upatanisho ni siku 40, nazo mapokeo huzifananisha na siku ambazo Musa alikaa mlimani kwa mara ya mwisho, baada ya kosa la ndama.

Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, hupiga pembe ya kondoo dume, shofari, kila asubuhi ya Eluli isipokuwa Sabato, wakaiacha siku moja kabla ya Rosh Hashana. Wasefaradi, wenye asili ya Hispania na nchi za Mashariki ya Kati, huamka usiku wa manane au alfajiri mwezi mzima kusali Selichot, sala za kuomba msamaha. Waashkenazi hizo huzianza siku za mwisho tu. Nachlaot ina sinagogi ndogo nyingi zilizobanana, na watu wa huko hawaombi msamaha kwa kunong'ona. Mwezi ule sikuwahi kuhitaji saa ya kuniamsha.

Kazi yenyewe lakini iko nyumbani. Watu hupeleka tefilini (vijisanduku vyenye aya vinavyofungwa mkononi na kichwani wakati wa sala) na mezuza (aya zinazowekwa kwenye miimo ya mlango) kwa mwandishi wa maandiko matakatifu akague kama herufi zimefutika. Huketi kufanya hesabu ya nafsi. Bibi yule alikuwa na daftari la shule, la mistari, analoliweka kwenye droo ya vijiko. Upande mmoja majina, upande wa pili neno moja au mawili: "sufuria", "nilimjibu vibaya", "bado sijalipa", "harusi sikwenda". Kila jioni alipiga simu au alitoka, na akirudi anafuta jina. Nililichungulia siku moja nikaliona jina langu. Sitasema mbele yake paliandikwa nini.

Maimonides, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika sura kumi juu ya sheria za toba, na humo mambo yako wazi: uache kosa, uazimie moyoni kutorudia, ujute, na uungame kwa kinywa. Toba kamili kwake ni ya mtu aliyekutana tena na kosa lilelile, nafasi ipo, nguvu anazo, akaliacha kwa sababu ametubu, si kwa hofu wala kwa kuishiwa nguvu. Anayetubu uzeeni, wakati mwili umeshamwachisha, toba yake inapokelewa, ila si ile ya daraja la juu. Nalipenda jibu hilo kwa ukali wake na huruma yake.

Mimi ni mfanyabiashara. Kama Siku ya Upatanisho husafisha dhambi, mtu aliyedhulumu akifunga saa 25 hizo anatoka safi? – Mdadisi

Hatoki. Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi huufafanua, katika sehemu ya Yoma, inakata shauri: makosa ya mtu na Mungu, Siku ya Upatanisho huyafunika. Makosa ya mtu na mwenzake haiyafuniki mpaka amridhishe mwenzake. Na anayejisemea "nitatenda dhambi, na siku hiyo itanifunika", siku hiyo haimfuniki.

Kuridhisha hakuanzi na machozi. Kunaanza na kurudisha. Hapa ndipo barua yako inapokutana na ile ya kwanza. Rabi Eliezer ben Yaakov aliuliza: mtu ameiba ngano, akaisaga, akaikanda, akaoka, akatenga fungu la kuhani kama ilivyoamriwa, huyo atabariki vipi? Akajibu kwamba huyo habariki, anakufuru. Tazama ilivyo nzito. Kila hatua ya ibada ameitimiza, hakuruka neno, na maneno yaleyale mazuri yamegeuka tusi kwa sababu ya mahali ngano ilipotoka. Unabishaje hodi kwa mwenye nyumba huku umebeba mali ya mwanawe?

Hata hivyo sheria haitaki kumfungia mwizi njia ya kurudi. Aliyeiba boriti akaijenga ndani ya nyumba, wafuasi wa Shammai, mwalimu wa kale, walisema abomoe jengo zima airudishe boriti kwa mwenyewe. Wafuasi wa Hillel, mwalimu mwenzake, wakasema alipe thamani yake, na sababu wakaitoa: wanaotaka kutubu wasiwekewe kizuizi. Sheria ikawafuata hao. Nawe kama una boriti ya mtu, bwana mdadisi, bei yake unaijua.

Nimeombwa msamaha na mtu aliyeniumiza sana. Kwa sheria hii ningelazimika kusamehe? Alinitumia ujumbe tu kwenye simu. – Bado nina kinyongo

Pole sana. Nianze na ujumbe. Siku hizi wakati wa Eluli wengi hutuma ule wa jumla, "kama nimekukosea kwa lolote, naomba unisamehe", kwa kila aliye kwenye simu. Mimi siuhesabu. Mishna Berura, kitabu cha Rabi Yisrael Meir Kagan kinachotumiwa sana na Waashkenazi, kinataka kosa litajwe, isipokuwa pale ambapo kulitaja kutamwaibisha zaidi aliyekosewa. Kwa hiyo kwanza hujaombwa vya kutosha.

Akija kwa njia yake, Maimonides anakukataza kuwa mkatili. Aliyekosa huja, asiposikilizwa huja na watu watatu, hadi mara tatu. Ukikataa zote anakuacha aende, na dhambi sasa inakuwa juu yako. Lakini Rabi Moshe Isserles wa Kraków alifungua milango miwili: unaweza kushikilia msamaha kwa faida ya mkosaji mwenyewe, ili anyenyekee, na aliyezushiwa uongo wa kumharibia jina halazimiki kusamehe. Hukusema ulifanyiwa nini, nami sikuulizi. Kama ni jina lako lililochafuliwa, sheria hii iko upande wako.

Na kama niliyemkosea amekwisha kufa? – Aliyechelewa

Kuna utaratibu wake. Unakwenda na watu kumi hadi kaburini, unasimama, unasema mbele yao: nimemkosea Bwana, Mungu wa Israeli, na mtu huyu, kwa kumtendea hivi na hivi. Unalitaja kosa. Kama kulikuwa na fedha, unawapa warithi wake. Kama warithi huwajui, unaziacha mahakamani kwa marabi, kisha unaungama.