Ukitaka kumbuni mnyama wa dukani, anza na lebo

Vijana wachongaji hapa Lamu huniuliza namna ya kutengeneza sanaa ya viumbe vya maabara, wanyama wa kubuni wanaouzwa kama sabuni. Jambo la kwanza: usitengeneze jini. Mnyama wa pembe saba humtisha mtu dakika moja, kisha akaenda zake.

Mtazame Adam Brandejs, msanii wa Kanada, na kazi yake Genpets. Viumbe vidogo vimelala ndani ya pakiti za plastiki zilizotundikwa kama bidhaa, vifua vinapanda na kushuka, na kando kuna kipimo cha mapigo ya moyo. Ni plastiki, mpira na mota, lakini wako walioamini ni wanyama wa kweli. Wangekosaje kuamini? GloFish, samaki waliotiwa jeni ya kung'aa, waliingia madukani Marekani mwishoni mwa 2003.

Mimi nilitengeneza punda wa kuenea kiganjani, kwa plastiki za kuokota ufuoni Shela. Mwili haukunisumbua. Lebo ndiyo iliyonikesha: anakula nini, anabeba mzigo gani, anadumu muda gani, akiugua alaumiwe nani. Nikamwomba mwenye duka ampange kati ya sabuni na betri. Watu wazima walitabasamu wakapita. Binti mmoja mdogo alimshika, akakitazama kifua kinavyopumua, akauliza, "Akifa, mwanirudishia pesa?" Muuzaji hakuwa na jibu, wala mimi. Kazi yako ikizaa swali kama hilo, usiiongezee kitu.

Wala haya si mambo ya ughaibuni tu. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa ejiao, dawa ya Kichina, na machinjio yaliwapunguza punda wetu hadi serikali ya Kenya ikatangaza marufuku ya kuwachinja mwaka 2020. Basi kabla hujaandika neno kwenye lebo, kaa na mwenye punda pale ufukoni boti zinapopakua saruji. Muulize mnyama wake anabeba mifuko mingapi, na akizeeka anampeleka wapi. Andika majibu yake kama alivyoyasema.

Kuhusu pumzi, mota ya gari la kuchezea inatosha. Iendeshe polepole, na pumzi zisilingane, kwani zikilingana mno watu wanaona mashine. Hewa ya chumvi hula waya upesi, kwa hiyo paka grisi kwenye maungio, na umwachie mwenye duka betri za akiba.